Vitabu vya Kale, Hifadhidata au Ukumbini? Njia Tatu za Kufuatilia Umbo la Petronella katika Dansi ya Kontra

Mtu anayetaka kujua umbo fulani la dansi ya kontra lilitoka wapi, na limepitia mikono gani kabla ya kufika kwenye dansi zinazotungwa leo, hujikuta mapema kwenye njia panda. Atashauriwa afungue vitabu vya karne ya 17 hadi ya 19, au apekue hifadhidata za mtandaoni ambamo maelfu ya tungo yamewekwa, au aache karatasi na kompyuta aende akacheze. Nimezipita njia zote tatu nikifuatilia umbo moja tu, lile liitwalo Petronella, na hapa naziweka sambamba ili msomaji aliyekwama achague akijua anachokwenda kupata na anachokwenda kukosa.

Kontra ni dansi ya safu mbili ndefu zinazotazamana. Leo huchezwa zaidi Marekani, na ngome yake ya kale ni New England, hasa majimbo ya New Hampshire, Vermont na Massachusetts. Mizizi yake imo katika dansi za mashambani za Uingereza, ambazo John Playford alianza kuzichapisha London mwaka 1651. Wafaransa walizichukua wakaziita contredanse, na wahamiaji wakavuka nazo bahari. Kila jozi hucheza na jozi iliyo jirani nayo, na muziki wa mapigo 64 unapokamilika jozi hizo mbili huwa zimepishana, hivyo kila moja hukutana na jozi mpya na kuanza tena. Mwitaji husimama karibu na wapiga muziki akitangaza kila hatua kabla tu haijachezwa. Ndani ya mapigo hayo 64 hupangwa vipande vifupi vyenye majina, na vipande hivyo ndivyo ninavyoviita maumbo, kwa sababu kila kimoja huchora kitu sakafuni: duara, mnyororo, nambari nane. Kazi ya mtunzi wa kontra iko karibu sana na kazi ya mtunzi wa tarbia: vina na mizani ni mali ya wote, shairi ni lake.

Petronella ya leo huchezwa hivi. Watu wanne, yaani jozi mbili, hushikana mikono katika duara. Kwa mapigo manne hukanyaga kuelekea katikati na kurudi, kitendo kiitwacho balansi. Kwa mapigo manne yanayofuata huachana mikono, na kila mmoja hujizungusha huku akihamia nafasi ya mtu aliyekuwa kuliani mwake. Wengi humalizia kwa makofi mawili. Petronella ya Uskoti, ambako jina lenyewe linahusishwa na mpiga fidla Nathaniel Gow wa Edinburgh na mwaka 1820, ni kitu kingine. Hapo ni jozi ya kwanza pekee inayosogea. Wawili hao hutoka kwenye safu zao wakijizungusha kwenda kulia mpaka watazamane katikati ya njia, mmoja upande wa juu na mwingine upande wa chini, hucheza hatua za papo hapo, kisha huzunguka hadi upande wa pili, hurudi katikati, na mwisho hufika mahali walipoanzia. Njia yao ni mraba uliosimama kwa pembe yake, hali njia ya leo ni mraba uliolala.

Kwa hiyo kati ya umbo la kale na la leo yamebadilika mambo manne: idadi ya wanaosogea, mkondo wanaopita, utaratibu wa kutanguliza mzunguko au balansi, na makofi. Kufuatilia umbo maana yake ni kuuliza kila badiliko liliingia lini, kwa mkono wa nani na kwa sababu gani. Hakuna njia moja inayojibu maswali yote hayo, na hilo ndilo lililonifunza kuziheshimu zote tatu.

Vigezo vya kulinganisha

Nimezipima njia hizi kwa mambo matano. La kwanza ni umbali: njia inafika nyuma kiasi gani. La pili ni undani: inaonyesha umbo linavyochezwa na mwili, au inaonyesha jina lake tu. La tatu ni uaminifu wa tarehe na majina, kwa sababu historia isiyo na tarehe haiwezi kuonyesha kipi kilitangulia kipi. La nne ni gharama na muda. La tano ni mtu anayefaa, kwa maana mwanafunzi wa chuo aliyeko Dar es Salaam, mwitaji chipukizi aliyeko Massachusetts na mtu anayependa tu historia ya ngoma hawana mahitaji yaleyale.

Njia ya kwanza: vitabu na hati za kale

*Umbali.* Hapa hakuna njia inayoshindana na vitabu. Toleo la kwanza la Playford lilikuwa na dansi 105, na kitabu hicho kiliendelea kutolewa upya mpaka ndani ya karne ya 18. Mwaka 1706 Raoul-Auger Feuillet alichapisha Paris mkusanyiko wa contredanse ulioandikwa kwa michoro ya njia za wachezaji, na hiyo ni hazina kwa mtu anayefuatilia maumbo, kwa kuwa mchoro huonyesha mkondo ambao maneno huuficha. Boston katikati ya karne ya 19 kulikuwa na mchapishaji Elias Howe, aliyetoa miongozo mingi ya dansi kwa bei ya watu wa kawaida. Kwa Petronella yenyewe, safari ya vitabu huanza Edinburgh katika karne ya 19 na kufika Glasgow, ambako chama cha dansi za mashambani za Uskoti kiliundwa mwaka 1923. Chama hicho kilipochapisha kitabu chake cha kwanza, dansi iliyotangulizwa kabisa ilikuwa Petronella. Hiyo ni alama nzuri ya kupimia: tunajua Waskoti wa wakati huo waliona ipi kuwa sura sahihi ya dansi hiyo.

*Undani.* Hapa vitabu huwa bahili. Mwandishi wa zamani alimwandikia mtu aliyekwisha kucheza, hivyo alitaja jina la umbo akaendelea. Ukisoma agizo la kuzunguka kwenda kulia, hutaambiwa mikono ilikuwa wapi, macho yalimtazama nani, wala wale waliosimama pembeni walikuwa wakifanya nini. Kimya hicho hushawishi kubuni. Playford ana umbo ambamo mchezaji hupiga hatua pembeni kisha hujizungusha peke yake mahali alipo, na mtafiti mwenye haraka huliona akasema hilo ndilo babu wa Petronella. Kufanana peke yake hakuthibitishi uzazi. Mwili wa binadamu una njia chache za kuzunguka, na maumbo mawili yanaweza kufanana bila kuwa na undugu; anayedai nasaba anapaswa kuonyesha kiungo kimoja baada ya kingine, na kati ya 1651 na 1820 viungo hivyo ni vingi.

*Uaminifu.* Kitabu kilichochapishwa kina mwaka, mji na mchapishaji, na hiyo ni nguvu kubwa. Hata hivyo mwaka huo hueleza dansi ilichapishwa lini, wala hauelezi ilianza kuchezwa lini au kama ilichezwa kweli. Wachapishaji walinakiliana, na dansi iliyosahauliwa ukumbini iliweza kuendelea kuishi kwenye kurasa kwa miongo mizima. Hati zilizoandikwa kwa mkono na wanamuziki au wachezaji wenyewe mara nyingi ni ushahidi wenye uzito zaidi juu ya kilichochezwa, maana mtu hakujisumbua kunakili asichokitumia, ingawa nyingi hazina tarehe.

*Gharama na muda.* Kinyume na watu wanavyodhani, hii ndiyo njia rahisi kwa fedha. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mtandaoni bure zaidi ya vitabu 200 vya kufundishia dansi, vya kuanzia mwishoni mwa karne ya 15 hadi 1920. Maktaba ya kumbukumbu ya Vaughan Williams, iliyomo ndani ya Cecil Sharp House jijini London, nayo ina hazina kubwa inayosomeka kwa mbali. Kinacholipwa ni muda. Chapa za Playford zina herufi S ndefu inayofanana na F, vifupisho vyake vinahitaji kuzoewa, na mwenye kusoma Kiingereza cha leo tu atahitaji majuma kadhaa kabla ya kusoma ukurasa bila kusitasita.

*Inamfaa nani.* Inamfaa mwenye subira, anayetaka kujua mwanzo wa jambo na anayeishi mbali na kumbi za kontra. Inamfaa pia mtu ambaye umbo lake ni la kale kuliko Petronella. Kwa mfano hei, ule mkondo wa kupishana kwa bega la kulia na la kushoto mithili ya kusuka ukili, umekwishaelezwa katika kitabu cha Thoinot Arbeau kilichochapishwa Langres, Ufaransa, mwaka 1589. Anayefuatilia hei bila vitabu anaanza hadithi katikati.

Njia ya pili: mikusanyo ya waitaji na hifadhidata za mtandaoni

*Umbali.* Njia hii ni fupi kwa nyuma lakini pana kwa sasa. Nguvu yake ni nusu ya pili ya karne ya 20 na kuendelea, wakati kontra ilipoanza kutungwa kwa wingi na watunzi wanaojulikana kwa majina. Ralph Page wa New Hampshire, mwitaji aliyefanya kazi kuliko wengi kuilinda dansi hii, alitoa jarida lake la Northern Junket kuanzia 1949 hadi 1984, na nakala zake sasa zinasomeka mtandaoni kupitia Chuo Kikuu cha New Hampshire. Mwaka 1982 ulitoka mkusanyo wa Ted Sannella, na mwaka uliofuata ule wa Larry Jennings wenye dansi takriban 500. Juu ya msingi huo zimejengwa hifadhidata mbili ambazo waitaji wengi huzitumia, The Caller's Box na ContraDB.

*Undani.* Hapa ndipo mtafiti wa utunzi hupata asichoweza kukipata kwingine, yaani majirani wa umbo. Hifadhidata hukuwezesha kutafuta dansi zote zenye umbo fulani, na hata kuuliza ni umbo gani linalofuata. Nilipolifanya hilo kwa Petronella nilielewa kwa nini watunzi wa leo wanalipenda. Fikiria mchezaji aliyesimama na jirani yake kuliani, mwenzi wake akiwa ng'ambo mbele yake. Kila mmoja akihamia nafasi moja kwenda kulia, duara halibadiliki mpangilio, lakini mchezaji huyo sasa yuko upande mmoja na mwenzi wake. Kwa mapigo manane tu mtunzi amewahamisha wote wanne kutoka upande wa jirani hadi upande wa mwenzi, tayari kuzungushana. Katika Uskoti ya 1820 umbo hilo lilikuwa onyesho la jozi moja mbele ya wenzao. Katika utunzi wa leo ni daraja la kuvukia kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Hayo hutayaona kwa kusoma dansi moja. Unayaona ukizisoma nyingi kwa pamoja.

Lakini undani wa mwili haumo. Hifadhidata huandika neno moja kwa umbo zima, na kwa neno hilo tofauti kati ya mraba uliosimama na mraba uliolala hupotea. Dansi ya kale ikiingizwa humo, mara nyingi huingizwa jinsi inavyochezwa leo.

*Uaminifu.* Kwa jina la mtunzi, njia hii ni nzuri sana, kwa kuwa waitaji wa kontra wana desturi ya kumtaja mtunzi na wengi huihifadhi kwa moyo. Kwa mwaka wa utunzi ni nzuri kiasi. Tahadhari kubwa ni majina ya maumbo. Mwitaji mmoja husema Petronella, mwingine husema fanyeni balansi ya duara kisha zungukeni kulia, na anayetafuta kwa jina moja hukosa dansi zilizoandikwa kwa jina jingine. Tatizo hilo ni kubwa zaidi kwa umbo la kuzungukana macho kwa macho bila kushikana, ambalo kwa miongo kadhaa liliitwa kwa jina linaloonwa na wengi kuwa la kuwadhalilisha Waroma, na ambalo jamii nyingi za kontra sasa zinaliita mzunguko wa bega la kulia. Vilevile wajibu wa wachezaji, uliokuwa ukitajwa kwa wanaume na wanawake, mahali pengi sasa hutajwa kwa majina ya ndege. ContraDB humruhusu mtumiaji kuchagua maneno anayoyapendelea na kuyaona kote, jambo jema kwa mwitaji, lakini mwanahistoria akumbuke kwamba maneno anayoyasoma huenda siyo aliyoyaandika mtunzi. Akumbuke pia kwamba hesabu ya dansi zilizomo hupima kilichoingizwa, wala haipimi kilichochezwa.

*Gharama na muda.* Ni bure, na jibu la kwanza hupatikana kwa dakika chache. Baadhi ya dansi hazionyeshwi hatua zake zote kwa sababu ruhusa ya mtunzi haijapatikana, na hapo itabidi ununue kitabu cha mtunzi huyo.

*Inamfaa nani.* Inamfaa mtunzi, mwitaji, na mwanafunzi mwenye swali kuhusu mtindo wa utunzi: umbo limeenea kiasi gani, linakaa wapi ndani ya mapigo 64, linafuatwa na nini. Haimfai anayeuliza juu ya chanzo.

Njia ya tatu: ukumbini, pamoja na wachezaji walio hai

*Umbali.* Kumbukumbu ya mtu hufika mpaka ujana wake, na ya mwalimu wake kwa kusimuliwa. Leo hiyo ni sawa na kurudi mpaka miaka ya 1960 au 1970 kwa uhakika wa kutosha. Kwa Petronella, bahati njema, muda huo ndio hasa ulioamua sura yake mpya.

*Undani.* Nilipoanza kufuatilia umbo hili nilisoma vitabu peke yake, nikaandika kwa kujiamini kwamba Petronella ni onyesho la jozi ya kwanza. Kisha nikaenda ukumbini. Mwitaji alitangaza dansi ya kale yenye jina hilohilo, muziki ukaanza, na watu wote wanne wa kila kikundi wakasogea, ukumbi mzima ukapiga makofi kwa sauti moja. Nilisimama kama mgeni aliyekosea nyumba. Baada ya dansi nilimuuliza mchezaji mzee kwa nini jozi ya pili nayo inazunguka ilhali maelekezo hayaitaji. Jibu lake lilikuwa kwamba katika miaka ya 1970 vijana waliojaa kumbini walichoka kusimama na kuwatazama wenzao, wakaanza kujiunga, na waitaji wakawaacha.

Badiliko kubwa kuliko yote katika maisha ya Petronella halikutungwa na mtunzi. Lilianzia miguuni mwa wachezaji, likaenea kwa kuigana, na karatasi ikalifuata nyuma. Watunzi walipoanza kuandika duara la watu wanne wakizunguka pamoja, walikuwa wanachukua kilichokwisha kuchezwa mbele yao. Hata sababu yake ni ya ukumbini: dansi za kale ziliipa jozi ya kwanza kazi nyingi na kuiacha ya pili ikisubiri, na kizazi hicho kilitaka wote washiriki sawasawa, tamaa ileile iliyowasukuma watunzi wa miaka iliyofuata kuandika dansi zenye usawa kati ya jozi. Makofi nayo ni hivyohivyo. Mpaka leo kuna waitaji wanaoyapenda na wengine wanaoona kwamba yanawameza wapiga fidla na kuwafanya wachezaji wasahau kutazamana, na ubishi huo wenyewe ni ushahidi kwamba umbo bado liko hai.

Ukumbini hupatikana pia ushahidi wa muziki. Dansi za kale za New England zilifungwa na wimbo wake: Petronella huchezwa kwa wimbo wa Petronella. Dansi nyingi mpya hazina wimbo maalumu, hivyo kikundi cha muziki huchagua chochote chenye mkazo mahali pa balansi. Anayesikiliza kwa makini husikia sentensi ya muziki ikimwita mguu, na huanza kuelewa ni kwa nini swali la kutanguliza mzunguko, kama Waskoti, au kutanguliza balansi, kama kontra ya leo, ni zito kuliko linavyoonekana kwenye karatasi. Balansi ikitangulia, mkazo huangukia mwanzo wa sentensi na wote wanne huupiga pamoja wakiwa wameshikana mikono. Mzunguko ukitangulia, mchezaji hufika mahali papya kwanza ndipo apige hatua zake.

*Uaminifu.* Hapa ndipo udhaifu ulipo. Watu husema ilikuwa hivyo tangu zamani, na ukiuliza zamani ipi, hupata mwaka waliojiunga wao. Masimulizi hukunja muda, na mtu mmoja maarufu hupewa sifa ya kazi ya wengi. Dawa yake ni kuuliza maswali madogo: uliliona umbo hili mara ya kwanza katika ukumbi gani, nani alikuwa akiita, nani alikuwa akipiga fidla? Majibu ya watu watatu wasiojuana yakikubaliana, una kitu cha kushika. Rekodi za sauti na video zenye tarehe husaidia sana kuyapima masimulizi.

*Gharama na muda.* Kwa anayeishi karibu, ni nafuu na ni furaha. Dansi za Jumatatu za Nelson huko New Hampshire, au zile za ukumbi wa Guiding Star Grange mjini Greenfield, Massachusetts, humpokea mgeni asiyejua hatua hata moja, na mahali pengi hutoa somo fupi kabla ya dansi kuanza. Si lazima kuja na mwenzi. Kwa anayeishi Nairobi au Muscat gharama ni nauli na viza, na safari moja haitoshi, kwani mchezaji mzee huanza kusimulia mambo yake akikuona mara ya tatu. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, cheza kabla ya kuhoji.

*Inamfaa nani.* Inamfaa mwenye mwili ulio tayari kujifunza na mwenye subira ya kuwasikiliza watu. Kwa maumbo ambayo ugumu wake hauandikiki, kama lile la kuzunguka pembe, ambalo huhifadhiwa na dansi ya kale ya Chorus Jig, sioni namna ya kulifahamu bila kulicheza.

Uchague ipi, kwa hali gani

Ikiwa swali lako ni lini na wapi umbo lilionekana kwa mara ya kwanza, anza na vitabu, na uwe tayari kuridhika na jibu la aina hii: lilikuwapo kufikia mwaka fulani.

Ikiwa unaandika tasnifu ukiwa Dar es Salaam, Kampala au Zanzibar na huna fedha za safari, unganisha vitabu vya bure vya Maktaba ya Bunge la Marekani na hifadhidata, kisha funga pengo la katikati kwa Northern Junket. Jarida hilo lina kitu adimu, sauti ya mwitaji anayeeleza anachokiona ukumbini toleo hadi toleo, na kwa mtu aliye mbali ndilo lililo karibu zaidi na kuwapo pale. Video za mtandaoni zitakuonyesha umbo la leo. Angalia tarehe na mahali iliporekodiwa kila moja kabla ya kuinukuu.

Ikiwa unatunga au unaita, hifadhidata itakupa faida ya haraka zaidi, lakini kabla ya kuandika dansi yako ya kwanza yenye Petronella, jaribu walau mara moja kuicheza ile ya kale kwa namna ya jozi moja. Utajua ulichokipunguza na ulichokiongeza.

Ikiwa unaishi mahali penye dansi, usianze na karatasi. Cheza kwa miezi michache, andika maswali yanayokujia mwilini, ndipo uyapeleke maktaba. Utasoma kurasa zilezile kwa macho mengine.

Ikiwa umbo lako lilibadilishwa jina, tengeneza kwanza orodha ya majina yake yote, ya sasa na ya zamani, hata yale usiyotaka kuyatumia mwenyewe, kwa sababu kila jina hufungua sehemu yake ya hifadhidata na ya vitabu.

Na ikiwa una muda wa njia moja tu huku wachezaji waliokuwa kumbini miaka ya 1970 wakiwa bado wanafikika kwako, hata kwa simu, waanze hao. Playford atakuwapo mwakani.